Neno la Madam Zina

Nyumba ya kaka yangu Ambakisye pale Brooklyn Center, huku ughaibuni, ilijengwa ikae watu sita. Jumamosi ile ya posa yangu tulikuwa arobaini na mmoja, na hapo sijawahesabu waliosimama uani kwenye theluji inayoyeyuka wakidai wanachunga nyama. Viatu vilijaa mlangoni mpaka Ernestina, mke wa kaka, akavisogeza kwa fagio. Mimi napenda nyumba iliyojaa. Nimekulia Tukuyu kwenye nyumba ambayo mtu akitaka kulia anakwenda chooni, na hata huko atagongewa. Lakini siku ile, kadiri watu walivyozidi kuingia, kitu kilizidi kunikaba hapa chini ya kidevu, nikawa nameza mate kila mara kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

"Wifi, acha kushika shingo," Ernestina aliniambia huku akinibana kilemba. "Watasema mkufu ni wa bandia unakuwasha."

"Siwashwi."

"Basi nini?"

"Hofu tu."

"Hofu ya nini, na mwanaume mwenyewe ni Griffins? Nusu ya mabinti wa kwaya wanafunga na kuomba uugue wao wapate nafasi."

Alisema kwa utani. Sikuweza kucheka, maana nilikuwa naumwa kweli, na dunia nzima aliyejua ni daktari mmoja wa Saint Paul na mwanamke mzee ambaye wakati ule ule alikuwa anashuka kwenye teksi mbele ya nyumba, kofia ya manyoya kichwani, chupa ya achari ya matango mkononi. Madam Zina alikuwa amefika.

Nieleze kidogo, maana bila huyu mama hakuna hadithi.

Mimi naitwa Tulia, nafanya kazi ya kutunza wazee. Miaka miwili kabla, nilikuwa natandika kitanda cha bibi mmoja Mrusi huku naimba chini chini, kama tunavyofanya sisi tukichoka. Nilipogeuka, nilimkuta dada wa yule bibi amesimama mlangoni. Hakunisalimu. Aliniuliza, "Nani amekwambia wewe ni soprano?"

Nikamwambia kanisani. Nikamwambia katika kwaya yetu mimi ndiye sauti ya kwanza, nguzo yenyewe, nikinyamaza wenzangu wanashuka kama maji mlimani.

"Wamekudanganya," akasema. "Njoo kwangu Jumamosi."

Ndivyo nilivyoanza kupanda treni ya Green Line kila Jumamosi kwenda kwenye chumba chake chenye piano moja, viti viwili na ukuta uliojaa picha. Alikuwa mwimbaji wa opera, mji mmoja wa kando ya mto Volga, jukwaa lenye mapazia mekundu na viti elfu. Sauti yake ilikuwa mezo, ile ya katikati, nzito kidogo, ya asali mbichi. Kwenye picha utamwona amekuwa mchawi, amekuwa mama mkwe, amekuwa mvulana mwenye suruali na upanga. Nilimuuliza mbona hakuna picha akiwa bibi harusi.

"Mezo hapewi bwana," aliniambia. "Soprano ndiye anayekufa kwa mapenzi kila jioni. Mezo kazi yake ni kumwonya, na soprano hamsikilizi, ndiyo maana opera inafika kitendo cha tatu."

Alinifundisha kupumua kwa mbavu za nyuma. Alinifundisha kuimba chini, mahali ambapo sikujua nina kitu. Lakini kila Jumapili nilirudi kanisani nikapanda juu kulekule, kwa sababu Griffins alikuwa pale kwenye kibodi.

Griffins Wanjala. Ukimwona utanisamehe. Nesi wa usiku, mrefu, mtu wa Bungoma, ana vidole virefu na tabia ya kuinamisha kichwa upande akisikia kitu kizuri, kama kuku anayesikiliza nyayo. Miaka mitatu iliyopita niliingia kanisa lile mara ya kwanza nikaimba pambio moja nikiwa benchi la nyuma. Akaacha kucheza. Waumini wote wakageuka kumtazama yeye, naye alikuwa ananitazama mimi. Baadaye aliniambia, "Mimi nilikupenda kwa masikio, macho yalifuata tu." Maneno hayo niliyalalia mwezi mzima.

Sasa, Jumanne ya wiki ile ya posa, sauti yangu ya asubuhi ilikuwa imefika siku ya tisa ikitoka kama mlango usiopakwa mafuta. Madam Zina alinishika mkono akanipeleka kwa daktari. Wakaniingiza kamera puani. Kwenye skrini nikaziona nyuzi zangu za sauti, na juu yake sugu mbili, moja huku moja kule, sawasawa na zile za viganja vya baba yangu kwa kushika jembe. Daktari akasema miezi sita bila kuimba. Madam Zina, mle ndani ya gari, akasema mwaka, na juu nisirudi kabisa.

"Utamwambia kijana wako?"

"Nitamwambia, Madam."

"Lini?"

"Baada ya posa."

Alitazama dirishani hadi tukafika.

Na mimi ndiye niliyemwomba akae kwenye kiti cha mama. Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Ambakisye alipinga. "Mila yetu, kiti cha mama akakalie Mrusi?" Nikamwambia huyu ndiye aliyenishika mbavu miaka miwili akiniuliza nimekula nini. Akakubali. Asubuhi ile nikamweleza Madam kwa simu kazi ya mama siku ya posa: utakaa pembeni ya kaka, utakula, na wakati barua inafunguliwa, mama ana haki ya kusema kama ana neno.

"Nina haki ya kusema," akarudia.

"Ndiyo, Madam. Ni heshima ya kiti."

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu kila mtu anajua swali lile haliulizwi ili lijibiwe. Baba anauliza huku kidole tayari kiko kwenye bahasha. Sikumwambia hivyo. Nilisahau kwamba kuna watu duniani ambao ukiwauliza wanajibu.

*

Wageni walichelewa saa nzima. Mshenga wao, Mzee Eliezer, fundi bomba mstaafu mwenye tumbo la heshima, alisimama mlangoni akipangusa miguu.

"Tusameheni, tulipotea."

"Miaka kumi unakuja nyumba hii, unapoteaje?" Ambakisye akamuuliza.

"Leo nimekuja kwa mguu mwingine, ndugu yangu. Huu haujui njia."

Watu wakaangua kicheko. Wakaketi. Griffins alikuwa katikati yao, suti ya bluu, macho chini kama alivyofundishwa. Mimi nilifichwa jikoni na wifi, mlango umeachwa wazi upana wa mkono. Aliinua macho mara moja tu, akanipata palepale penye upenyo, akayashusha tena. Moyo wangu ukafanya kitu ambacho hata kamera ya daktari isingekiona.

Simu ya kaka ilisimamishwa juu ya meza, imeegemezwa kwenye birika. Ndani yake alikuwemo Baba mdogo kutoka Tukuyu, mzee wa ukoo, uso wote umejaa pua kwa jinsi alivyoikaribia.

"Sisi tulikuwa tunapita zetu," Mzee Eliezer akaanza, "tukasikia ndege anaimba ndani ya nyumba hii. Kijana wetu akasema hali wala halali mpaka ndege yule ahamie kwake."

"Ndege tunao," Ambakisye akajibu. "Ila wanakula sana."

"Tumekuja na mtama."

"Na akigoma kuimba?"

"Haiwezekani. Huyo tumemsikia wenyewe."

Wakacheka tena.

Barua ikaletwa juu ya sinia, imefunikwa kitambaa cheupe. Ambakisye akaichukua, akaigeuza, akaweka kidole chini ya kifuniko. "Haya. Kabla sijafungua, upande wetu, kuna mwenye neno?"

Ernestina alikuwa ametoka jikoni kwenda kumtafsiria Madam sikioni. Nilimwona akinong'ona. Nikamwona Madam Zina akiweka chini kikombe, akiegemea mkono wa kiti, akisimama.

"Ndiyo," akasema kwa Kiingereza chake cha kukokota. "Mimi nina neno."

Mashine ya barafu kwenye friji iliangusha vipande vyake.

Ambakisye alitabasamu lile tabasamu la washereheshaji mambo yanapoharibika. "Asante, Madam. Hili ni swali la mila tu. Huwa hatulijibu."

"Niliambiwa kiti hiki ni cha mama. Niliambiwa mama akiwa na neno, aseme. Mmebadilisha leo?"

Nani angesema ndiyo? Mimi nilitaka kutoka nikamziba mdomo, lakini bibi harusi mtarajiwa hatoki mpaka aitwe, na miguu yangu, wallahi, ilikuwa mizito kuliko mila.

Akamgeukia Griffins. "Kijana. Wewe ndiye unayepiga kinanda kanisani?"

"Ndiyo, Madam."

"Ukisikia sauti ya huyu binti imechoka, unafanya nini?"

Griffins akadhani ni ule utani wa kumjaribu bwana harusi. Akacheka kidogo, kwa adabu. "Napandisha ufunguo wa wimbo, Madam. Mimi hucheza kila kitu kwa F, halafu kuna kitufe, unabonyeza, wimbo unapanda nusu hatua. Akichoka ndipo huwa mtamu zaidi. Analia kidogo ndani ya noti."

Wanakwaya wakaitikia kwa vicheko, mmoja akasema kweli kabisa. Madam Zina alibaki amesimama, anatazama vidole vya Griffins.

"Nilikuwa na mume," akasema. "Alikuwa kiongozi wa okestra. Mtu mzuri, hakuninyanyulia mkono hata siku moja. Mimi nilikuwa mezo, nikafurahi na wachawi wangu. Yeye alitaka nisimame mbele, niwe yule ambaye pazia linamfunukia. Akasema sauti ipo, tuipandishe tu, kidogo kidogo. Nikapanda. Nilimpenda, ningepanda hata kwenye paa. Misimu mitatu niliimba soprano na watu walilia. Msimu wa nne, mbele ya viti elfu, nilifungua mdomo nikasikia kitu kinachanika. Kama shuka. Nikajua kabla yao. Waliendelea kupiga makofi."

Alijigusa koo. "Hii mnayoisikia ndiyo iliyobaki. Ya kununulia mkate dukani."

Na kweli ilikuwa sauti ya mchanga. Wote tulikuwa tumeizoea, tukidhani ni uzee.

"Binti huyu ana sugu mbili kooni. Daktari amezipiga picha Jumanne. Akiimba juu, ataishia nilipo mimi. Simkatai kijana. Nauliza tu anaoa nani. Hilo ndilo neno langu."

Akaketi. Akachukua kikombe chake, akanywa.

*

Sasa ndipo nyumba ilipokuwa nyumba. Arobaini na mmoja wote walisema kwa pamoja. Kuna aliyeuliza sugu ni ugonjwa wa kuambukiza. Kuna aliyesema huyo mzungu ametumwa. Ambakisye aliingia jikoni kama upepo.

"Ni kweli?"

"Kaka."

"Tulia, nimekuuliza. Ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akafumba macho. "Umeniaibisha. Watu wamepiga pasi nguo."

Ndipo simu ikanguruma kutoka kwenye birika. Baba mdogo alikuwa ametafsiriwa kila kitu na mtu aliyekuwa karibu. "Ambakisye, weka kelele chini. Neno likishasemwa haturudishi mfukoni. Lijibiwe. Waache watoto wazungumze wenyewe, dakika chache, mlango wazi. Halafu binti atuambie barua tuipokee au tusiipokee."

Tukapewa garaji. Ernestina alisimama mlangoni amegeuza mgongo, ila masikio yake nayafahamu.

Griffins hakukaribia. Alisimama kando ya friza la nyama, mikono mfukoni.

"Si ungeniambia," akasema. "Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Tulia, mimi ni nesi. Nimekuwa mtu wa kuambiwa na mgeni mbele ya wazazi?"

"Ningekwambia lini? Kila nikifungua mdomo unaniambia tuanze mazoezi."

"Hiyo si kweli."

"Jumatano nilikwambia koo linauma. Ulisemaje?"

Akafikiri. Mtu mwema, alifikiri kweli. "Nilikwambia unywe tangawizi."

"Na?"

"Na tuje tupitie wimbo wa tatu."

Tukatazamana. Akaanza kucheka yeye, nikafuata mimi, kile kicheko cha watu wanaojua kinachofuata si cha kuchekesha. Akaja, akaniwekea vidole viwili kwenye koo, taratibu, kama anatafuta mapigo ya mgonjwa.

"Inauma?"

"Asubuhi."

"Pole, mama." Vidole vyake vilikuwa baridi. Nilitaka visiondoke. "Sikujua. Nakuapia, sikujua. Nilidhani ile kulia ndani ya noti ni roho."

"Hata mimi nilidhani."

"Lakini rekodi ya kwaya imebakiza wiki mbili tu, Tulia. Studio imeshakubali. Nyimbo tatu tu, halafu u-rest hadi uchoke. Mungu hawezi kukupa sauti halafu..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Aliondoa vidole.

"Nikinyamaza mwaka mzima," nikamuuliza, "wewe jioni ukirudi utanikuta mwanamke anayeosha vyombo kimya kimya. Utamwoa huyo?"

Alijibu haraka, na ndicho kilichonipa raha, alijibu haraka sana. "Nitamwoa."

"Na nikibaki na sauti ya kununulia mkate?"

"Nitakula mkate huo kila siku."

Ernestina akakohoa mlangoni, kile kikohozi cha mtu aliyeguswa. Mimi nilimwamini. Nataka ujue, msomaji wangu, kwamba alikuwa anasema kweli, na mpaka leo sijawahi kumshika Griffins kwa uongo.

*

Walinisimamisha katikati ya sebule, kichwa kimefunikwa khanga. Ambakisye akauliza mara tatu kama mila inavyotaka, barua tuipokee? Mara mbili za kwanza msichana hujibu kwa kutikisa bega. Ya tatu nikasema, "Ipokeeni. Ila nina sharti."

Minong'ono. Mzee Eliezer akasogea mbele. "Tunasikiliza."

"Mwaka mmoja sitaimba. Si kanisani, si studio, si harusini kwangu. Kama upande wenu unamtaka ndege, ndege hana wimbo. Kama mnanitaka mimi, nipo."

Mshenga akamgeukia Griffins. Griffins akasimama, jambo ambalo bwana harusi haruhusiwi kulifanya, akasema kwa sauti ya kujaza nyumba, "Nimekubali. Andikeni."

Vigelegele vilivyopigwa pale, majirani walifungua mapazia. Baba mdogo alikuwa anasali kwenye simu na hakuna aliyemsikia. Ambakisye alifungua bahasha huku anafuta jasho. Nikamtafuta Madam Zina kwa macho. Alikuwa anapiga makofi kama wengine, polepole, viganja vinagusana kidogo tu. Wakati wa kula nilimpelekea sahani ya pilau, nikapiga magoti nikamwambia, "Umeona, Madam? Amekubali."

"Nimeona."

"Hufurahi?"

Akanishika shavu. "Kijana amepita mtihani wake. Sasa umebaki wako."

Sikumwelewa. Nilidhani ni Kiingereza chake.

Jua lilikuwa bado lipo, lile jua la mwezi wa tatu lisilopasha kitu, Ernestina alipoanza kulalamika soda zimekwisha. Griffins akasema zipo kreti mbili kwenye gari lake. Nikatoka naye. Ni mara yetu ya kwanza kutoka mbele ya watu bila mtu kukohoa, na nilitembea pembeni yake kwenye barafu chafu kama malkia, nimemshika kiwiko.

Akafungua buti. "Mwaka," akasema. "Hata miwili. Nitakufundisha kuandika noti, tukae tu pamoja tukitunga."

"Na rekodi? Mmefanya kazi miezi minane kwa ajili ya hiyo rekodi."

"Usijali."

"Sijali. Nauliza tu nani atashika sauti ya kwanza."

"Tutaona. Kuna msichana anaitwa Mumbi, anakaa Woodbury kwa dadake. Alikuja practice Alhamisi ukiwa shifti."

"Anaimba?"

"Sikuwa hata nimemwambia aimbe. Alikaa nyuma na koti lake. Halafu tulipofika kwa ile sehemu ya mwisho..."

Alikuwa ameinama ndani ya buti, kreti mkononi, na hakuiinua. Kichwa chake kilienda upande. Macho yalitazama ng'ambo ya barabara ambako hakukuwa na kitu, kuna sanduku la posta tu na theluji, na uso wake ukawa mtulivu, umefunguka, kama nyumba iliyoachwa mlango wazi na mwenyewe katoka.

"Tulipofika kwa sehemu ya mwisho, nini?" nikauliza.

"Hakuna. Ana sauti tu."

Hakuficha kitu. Angeficha ningepigana, nayajua mapigano ya namna hiyo, nimekulia kati ya shangazi saba. Lakini hakujua hata kwamba ameondoka na kurudi. Aliinua kreti akanitazama kwa upendo uleule wa garaji, upendo mzima, haujapungua hata punje, na baridi ikaniingia kwa nyayo ikapanda.

Ndani walikuwa wanacheza. Niliona kivuli cha kofia ya Madam Zina dirishani.

"Rekodi ni tarehe ngapi?" nikauliza.

"Ishirini na nane. Kwa nini?"

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Tulia, si tumekubaliana?"

"Nitakuja."

Nilimngoja akatae. Nilimpa muda wote. Gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu lilipita, likapinda kona, likaacha barabara na madoa meupe, naye bado ananitazama, na nikaona jinsi furaha ilivyokuwa inampanda usoni huku yeye mwenyewe anajitahidi kuishusha.

"Basi wimbo mmoja tu," akasema polepole. "Mmoja, halafu unakaa."

"Zote tatu," nikamwambia, nikashika upande wa pili wa kreti, tukaingia nayo ndani.